Dawa Ileile Kila Jumamosi

9 Machi

Kwako wifi,

Huku hatujambo. Watoto wanakula, wanalala na wanagombana, kwa hiyo ni wazima. Kifungua mimba amepanda darasa na sasa anatembea kama mwalimu mkuu. Kitinda mimba ameng'oka meno ya mbele na amekataa kucheka mpaka yaote mengine. Mama mkwe goti linamsumbua, ila ulimi hauna tatizo. Mimi nipo. Watu wakiniuliza nasema nipo, wananiambia pole, halafu kila mtu anakwenda zake.

Nakuandikia kwa sababu simu ya ukoo huu iko kwa Meneja, na unamjua kaka yako mkubwa, husikiliza hata kikohozi cha mtu. Tangu alipowahi kusimamia duka la mwenzake mwaka mmoja hajaacha kusimamia vitu.

Viazi vinakufa. Vilianza na madoa kwenye ncha za majani, kama mtu amemwagia maji ya moto. Asubuhi ukigeuza jani, chini yake kuna unga mweupe. Baadaye shina linakuwa jeusi na shamba zima linanuka. Wala si kwamba nimelala. Kila Jumamosi navaa ovaroli la marehemu kaka yako, nabeba bomba mgongoni, nachanganya dawa yake, ile ya pakiti ya kijani, napuliza kuanzia mferejini hadi kule juu tulikomlaza. Sijakosa Jumamosi hata moja tangu tumzike Oktoba. Mvua ikinyesha nasubiri ikatike, natoka napuliza. Msimu ule aliotuachia viazi shambani nilivuna nusu. Huu wa sasa sitegemei hata hiyo nusu.

Meneja amesema neno lake. Alikuja akasimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma, akasema shamba hili mikononi mwa marehemu halikuwahi kukataa, kilichobadilika ni mkono. Baada ya mavuno ukoo utakaa. Mambo yakiwa hivihivi, shamba atalichukua yeye, mimi na watoto tubaki na nyumba. Tutakula kuta, labda. Nilitafuta hasira nikaikosa.

Kazi yako ni magonjwa ya mimea, basi nitumie elimu hiyo. Majani haya hapa. Niambie ni kitu gani na nifanye nini.

Na jambo jingine. Yeye alikutumia majani mwaka jana, siku chache kabla ya ile ajali iliyomchukua. Aliyafunga mwenyewe, hakuniambia kwa nini. Uliona nini?

Ni mimi, wifi yako wa shambani.


4 Aprili

Wifi yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Salamu zako zimefika na zimenichekesha, hasa huyo mwalimu mkuu. Mwambie shangazi yake anataka kuona daftari, si mwendo. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kinavuja upande wa kitanda, nimesogeza kitanda, sasa kinavuja upande wa jiko. Kazini ni kulekule: dirisha lisilofunguka, harufu ya spiriti, na kabati la baridi linalonguruma mchana kutwa kama mzee aliyeshiba. Nimepungua uzito kidogo, koti jeupe sasa linanipwaya, wenzangu wananiita mwali wa maabara.

Sasa tugombane. Wifi, ulichonitumia si majani, ni uji. Uliyafunga kwenye nailoni yakatoka jasho njiani, yakaoza. Nilipofungua, bosi wangu alitoka chumbani bila kuaga. Tuma tena, hivi: chuma majani yenye doa changa, sehemu moja bado ya kijani, asubuhi umande ukishakauka. Yalaze katikati ya karatasi za gazeti, juu weka kadibodi, tuma siku hiyohiyo. Usiyaoshe. Chukua sehemu mbalimbali, mferejini, katikati na juu.

Nieleze pia hiyo dawa. Mmeitumia tangu lini, mnaichanganya na nini, na mlikuwa na dawa nyingine mnayopishanisha nayo au ni hiyohiyo tu?

Mama usimwache asimame muda mrefu jikoni. Najua hatakusikia, lakini nimesema.

Yale mengine tutayaongea.

Wifi yako wa maabara.


23 Aprili

Kwako wifi,

Tumesikia. Mama mkwe nimemwambia asisimame jikoni, amesema aliyekutuma aje asimame yeye.

Majani haya hapa, na karatasi zake na kadibodi yake. Kama yamekuwa uji tena, lawama peleka posta.

Dawa ni hiyohiyo. Mwaka ule kifungua mimba alipozaliwa, ukungu ulipiga bonde zima, mwenye duka la pembejeo akampa baba yake pakiti moja ajaribu. Jirani zetu walivuna majani makavu, sisi tukavuna viazi. Tangu siku ile hakutaka kusikia dawa nyingine. Alisema mwenye duka anaweza kuwa mwongo, dawa si mwongo. Kila Jumamosi, ugonjwa uwepo usiwepo, alipuliza. Majirani wakaiga. Sasa bonde lote Jumamosi linanuka dawa moja.

Umeniuliza kazi, nami nikueleze kazi. Ovaroli lake ni refu, nalikunja miguuni mara mbili. Bomba likijaa linavuta bega la kushoto, maana mkanda ule yeye aliufupisha kwa ajili ya bega lake. Ningeweza kuurefusha, ni pini tu. Sijaurefusha. Nikishamaliza nakaa pale juu karibu naye na bomba tupu. Watu wakipita wananikuta hapo, wananiambia pole, Mungu ndiye mpangaji, jikaze. Maneno hayohayo tangu mwaka jana. Mwanzoni yaliniingia, wifi, nilikuwa nikilia hadi wao wanaogopa. Sasa yananipita juujuu, nawajibu asante, hata sijui nimejibu. Nimekuwa na ganzi. Jana nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu nikakumbuka kuiachia baadaye.

Hayo ya "tutayaongea" nimeyaona. Wewe ulikuja kuzika ukaondoka kabla sahani za wageni hazijakauka, kwa hiyo sijui tutayaongea lini. Yale majani aliyokutumia yeye, uliona nini?

Wifi yako.


31 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Hongera, safari hii yalifika yakiwa majani. Nimeyaonyesha wenzangu kama mtu anavyoonyesha picha za harusi. Mkono umeuchoma kiasi gani? Uliupaka kitu? Nijibu hilo usiruke. Mimi sijambo, paa limezibwa. Mwenye nyumba ameziba sakafu ya kwake huko juu, si dari yangu, lakini maji yamekoma, sitafuti ugomvi.

Sasa matokeo. Naandika taratibu kwa sababu nataka uelewe kama ninavyoelewa mimi.

Ukungu ule tuliutoa kwenye majani yako tukaukuza kwenye visahani, ndani yake kuna chakula chake. Visahani vingine tulitia dawa yenu ya kijani, kidogo, halafu zaidi, halafu nyingi kuliko mnavyopiga shambani. Ukungu wa kawaida dawa ile ikiwepo hauoti. Wa kwako umeota visahani vyote, wa mferejini, wa katikati na wa juu. Umejaa sahani kama vile hatukutia kitu. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili lako halisikii dawa na wala halifi.

Watu hudhani dawa imeuzoesha ukungu, kama mtoto anavyozoea pilipili. Sivyo. Katika shamba moja lenye ugonjwa kuna mbegu za ukungu zisizohesabika, na kati yake, tangu mwanzo, kabla hujafungua pakiti, zimo chache mno zenye kasoro ndogo ndani yake. Dawa yenu inaingia ndani ya ukungu na kushika sehemu moja tu. Hizo chache, sehemu hiyo imekaa vingine, dawa haina pa kushika. Ukipuliza, zile nyingine zote zinakufa, shamba linapona, unashangilia. Hizo chache zinabaki zenyewe, zina majani yote ya kula na hazina mshindani. Zinazaa. Unapuliza tena, tena dawa ileile, zinabaki zilezile na watoto wao. Kila Jumamosi ni kuchekecha. Unga unapita, kinachobaki juu ya chekecheo ndicho usichokitaka, na ndicho unachokitunza. Hata ukizidisha dawa haisaidii, unachekecha kwa nguvu zaidi tu.

La kufanya: acha dawa ya kijani kabisa. Tumia ile ya zamani ya unga wa manjano, inayokaa juu ya jani bila kuingia ndani. Hiyo inaushambulia ukungu sehemu nyingi kwa pamoja, ni vigumu kuikwepa. Piga kabla ya ugonjwa, wakati wa mvua na baridi, usipige kwa kufuata siku ya wiki. Ng'oa viazi vinavyojiotea. Lile rundo la viazi vilivyooza nyuma ya jiko, lifukie kwa kina. Usiweke mbegu kutoka shamba hilo. Msimu ujao pumzisha viazi, panda kitu kingine. Na waambie majirani, maana mbegu za ukungu zinasafiri kwa upepo wala haziulizi mpaka.

Msalimie mama. Wabusu watoto, hata yule mwenye pengo.

Wifi yako.


15 Juni

Kwako wifi,

Mkono umepona. Nilipaka asali. Watoto wazima. Mama mkwe mzima.

Umenieleza vizuri. Nimeisoma barua mara mbili na nimeelewa, hata kifungua mimba nilimsomea sehemu ya chekecheo akaelewa. Rundo la nyuma ya jiko nimelifukia. Unga wa manjano nimenunua, nimepiga, mashina machache ya upande wa mfereji yameshika uzima. Mengine yamekwenda.

Ila hukunijibu. Nimekuuliza mara mbili.

Nikuulize ya tatu, na safari hii nitaliweka wazi usipate pa kupitia. Alipokuwepo yeye, shamba lilizaa. Alipoondoka, nikachukua bomba mimi. Nilipoona viazi vinazidi kuharibika nikatia vijiko viwili badala ya kimoja. Umesema kuzidisha ni kuchekecha kwa nguvu. Basi huo ukungu nimeufuga mimi? Jumamosi zote hizo nikidhani namfanyia yeye kazi yake, kumbe nilikuwa namharibia?

Kama ni mimi, niambie. Kikao ni mwezi wa nane. Nitamkabidhi Meneja shamba kabla hajaliomba, nichukue watoto niende kwetu, na wala sitalia, maana kulia siku hizi sijui kunaanziaje. Lakini nataka nijue. Yale majani aliyokutumia yeye ya kabla ya mimi kushika bomba, ndiyo yenye jibu. Hata mimi nisiye na maabara naliona hilo.

Wifi yako.


18 Julai

Wifi,

Barua yangu ya mwezi uliopita sijui kama uliipata. Tumevuna. Viazi vya kula nyumbani vipo, vya kuuza hakuna. Meneja alikuja na gunia tupu akaondoka nalo, akaona hilo limetosha kuwa hotuba. Kikao ni tarehe ishirini na nne mwezi ujao.

Kitinda mimba anaota jino moja.

Ni hayo tu.


5 Agosti

Wifi yangu,

Barua zako zote mbili nilizipata. Ya Juni niliiweka kwenye mfuko wa koti la kazini, ikafuliwa, nikaikausha, nikairudisha mfukoni. Sikuwa mgonjwa wala safarini.

Kaka alinipigia simu kazini mwaka jana mwezi wa tisa, kwa simu ya duka la pembejeo. Unajua alivyokuwa, haulizi kitu bila kukitania kwanza. Akasema, "Dada, wewe umesoma majani, mimi nimesoma viazi. Nakutumia karatasi yangu ya mtihani usahihishe." Halafu akabadilika sauti. Akasema, "Dawa naona kama imenichoka. Angalia kama bado ina nguvu. Mama watoto bado sijamwambia, anaipenda ile dawa kwa sababu yangu." Nikamwambia lete, nitaangalia.

Majani yalifika. Nikautoa ukungu nikauweka kwenye kichupa kidogo chenye chakula, nikakiweka kabati la baridi, nikasema wiki ijayo nitaupima. Wiki ijayo ndiyo ile tuliyomzika.

Niliporudi kutoka kuzika nilikikuta kichupa palepale. Ukungu hauishi bila kulishwa, kila baada ya muda inabidi uuhamishie kwenye chakula kipya. Nikauhamisha. Muda ukapita nikauhamisha tena. Nimekuwa nikiulisha hivyo tangu Oktoba, wifi, bila kuupima. Wenzangu wakiniuliza ni wa nini nasema ni akiba. Lile lilikuwa swali lake la mwisho kwangu. Niliona nikilijibu litakuwa limekwisha, na mimi na kaka tutakuwa hatuna tena kitu tunachodaiana. Wewe una Jumamosi zako. Mimi nilikuwa na kichupa.

Uliponiuliza mara ya kwanza nikaruka. Mara ya pili nikaruka. Mara ya tatu nikaona nakuacha ufukuzwe kwenye shamba lako kwa sababu ya huruma yangu mwenyewe. Na sababu nyingine ni mama. Kilichombakia mama ni kusema mwanawe alikuwa na mkono wa baraka. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kaka yangu kifo kilishamwahi.

Nimeupima. Nilitia visahani sawa na vya kwako, dawa kidogo, zaidi, nyingi sana. Umeota vyote. Unafanana na wa kwako kwa kila kipimo nilichonacho. Ukungu huo ulikuwa umeshaishinda dawa yeye akiwa hai, kabla hujaligusa bomba. Dawa ileile miaka yote ile bila kupishanisha ndiyo iliyouchagua. Kaka yangu ndiye aliyeufuga, na mwishoni naye alishaanza kushuku. Wewe uliurithi.

Nimeambatanisha karatasi ya matokeo. Ina muhuri wa maabara, ina tarehe aliyotuma yeye na tarehe uliyotuma wewe, imeandikwa kwa lugha ambayo hata Meneja hawezi kuisimamia. Isome kwenye kikao. Mama atalia, nami nitakuwa mtoto aliyemsema nduguye kaburini. Niko tayari. Wewe ndiye mwenye shamba.

Nisamehe kwa miezi hii. Sikulala vizuri hata baada ya paa kuzibwa.

Wifi yako.


2 Septemba

Kwako wifi,

Huku hatujambo. Goti la mama mkwe limepata nafuu. Kifungua mimba ametoka wa tatu na ametangaza kwamba wa kwanza na wa pili waliibia.

Barua yako niliipata siku chache kabla ya kikao. Nilikaa nayo jikoni. Nilidhani nikijua si mimi nitafurahi, kwa hiyo nikasubiri furaha. Haikuja. Nikapika, tukala.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Meneja. Aliongea muda mrefu, akaongelea uwajibikaji, akaongelea duka. Kisha mama mkwe akatoa mguu kwenye kigoda akasema, "Mwanangu angepanda jiwe likaota. Siku hizi hata kiazi hakioti." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Watu wote wakaniangalia.

Karatasi yako ilikuwa kwenye pochi, mkono wangu uko juu yake. Nikaona wazi, nikiitoa, nimeshinda. Na mama atarudi chumbani kwake amefiwa na mtoto yuleyule mara ya pili.

Sikuitoa. Nilisimama tu. Hata sikuwa nimepanga maneno. Nikasema hivi:

"Ukungu ule tumeufuga sisi wawili. Yeye alibeba bomba, mimi nilikoroga dawa. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu tangu mwaka wa kwanza, muulizeni yeyote aliyepita pale Jumamosi. Dawa ilitusaidia mara moja tukadhani itatusaidia maisha. Hatukubadilisha. Ukungu ukachekechwa, ukabaki ule usiosikia, nao umeshafika mashambani mwenu, kwa sababu mlituiga. Alipoondoka nikaendelea peke yangu kwa vijiko viwili. Kosa ni letu, sisi wawili. Kama mnanitoa shambani kwa kosa hilo, basi na yeye mtoeni pale mlipomlaza. Hamwezi kumfukuza mmoja mkamwacha mwenzake."

Meneja alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo huu akaufunga bila kutoa kitu. Mama mkwe akaniuliza, "Msimu huu unapanda nini?"

Nikamwambia, "Maharage, mama."

Akasema, "Maharage nayo yana wadudu."

Nikasema, "Najua, mama."

Akasema, "Haya." Akarudisha mguu kwenye kigoda, na kikao kikaishia hapo. Meneja alifunga kwa neno la shukrani ili ionekane amekifunga yeye.

Sasa nikugombeze na wewe. Umeandika "kaka yangu ndiye aliyeufuga, wewe uliurithi." Sikupenda. Kichupa chako kilipima ukungu, hakikupima nani alishika kijiko. Tulikuwa wawili pale, wifi. Aliponificha shaka yake alidhani ananihurumia, na wewe umenificha jibu ukidhani unatuhurumia sote. Mmezaliwa tumbo moja kweli. Nimekusamehe, lakini nimekuandikia ujue kwamba nilichukia, na kwamba kuchukia kulinifurahisha, maana ni kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mwaka jana.

Nilipokuwa narudi nyumbani nikajisikia masikioni mwangu nikisema "sisi wawili." Neno hilo sikuwa nimelitumia tangu Oktoba. Nimekuwa nikisema yeye, nikisema mimi. Nilikuwa nimefika mferejini. Nikakaa chini na pochi yangu ya kikao na gauni langu la kikao, nikalia mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Aliponiambia pole, iliniingia. Ganzi ikiachia, wifi, inauma kuliko kidonda chenyewe. Ninampenda yule mtu na hayupo. Ndiyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata sikupuliza. Sikujua cha kufanya na mikono. Nikalifua ovaroli, maji yakatoka ya kijani, nikabadilisha, yakatoka ya kijani tena. Kitinda mimba alikuwa anachungulia beseni, akaniambia, "Mama, unapika mchicha?" Halafu akacheka mwenyewe, meno yote mawili nje.

Mkanda wa bomba nimeurefusha. Ni kweli, ilikuwa pini tu.

Karatasi yako ipo. Siku mama mkwe asipokuwepo, au siku watoto watakapokua, nitaangalia. Kichupa sijui utakifanyaje. Mimi sikupangii. Nakuambia tu kwamba Jumamosi bila bomba haikuniua.

Wifi yako.


20 Septemba

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya kabati la baridi. Bosi akapita, akaona uso wangu, akarudi alikotoka. Ni mtu mwema ila anaogopa maji ya macho kuliko ukungu.

Umenigombeza sawasawa. Nimepokea.

Maabara ina nakala yake ya ukungu wa shamba lenu kwa ajili ya utafiti, imewekewa namba, haina habari na mtu. Kile kichupa changu nilikitoa leo asubuhi, nikakishika kidogo, nikakitia kwenye chungu cha mvuke kinachoua vijidudu, pamoja na vyombo vichafu vingine. Kilipotoka kilikuwa na maji ya kahawia tu. Nilidhani nitabaki sina kitu. Nililia chooni kama mwanafunzi, halafu nikaenda kunywa chai, na nilikuwa na njaa.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nitafika Oktoba, Jumamosi ya kwanza. Siji na dawa wala karatasi. Najua ndio msimu wa kupanda maharage. Kama kuna jembe la ziada niwekee. Kama halipo, nitatumia la kaka.

Wifi yako.